Dagaa wa Kigoma na Ukoo Wake wa Baharini

Sokoni mnunuzi huuliza kwanza: hawa wa Kigoma au wa Mwanza? Bei si moja, wala ladha si moja. Lakini wamepishana zaidi ya hapo, maana samaki hawa si ndugu. Dagaa wa Mwanza, wa Ziwa Viktoria, ni wa jamii moja na ningu, watu wa maji baridi tangu asili. Wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, ni jamaa wa saradini, samaki wa chumvi.

Fika mwalo wa Katonga, Kigoma, asubuhi, baada ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, kwani taa haifui dafu mbele ya mwezi. Mwezi ukijificha wanaingia ziwani na taa zao, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri, na dagaa hupanda kuifuata nuru. Kukicha wanaanikwa mchangani au kwenye vichanja. Okota mmoja, umpitishe kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani. Utahisi vijigamba vyenye ncha, vimepangwa kama meno ya msumeno. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa saradini.

Amefikaje hapa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi? Fumbo la namna hii lilimsumbua Mwingereza J.E.S. Moore, aliyelichunguza ziwa miaka ya 1890. Humu mna yavuyavu wadogo kama sarafu, wakielea katika maji yasiyo na chumvi. Mna konokono wenye makombe mazito kama ya pwani. Katika kitabu chake cha 1903 Moore alishikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Naupenda ujasiri wake, ingawa alikosea. Ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa, kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, na bahari haikuligusa. Makombe yale yamekomazwa na kaa: kaa wa humu wana magando ya kuvunjia konokono, na vizazi kwa vizazi waliopona ni wenye makombe magumu.

Dagaa ndiye mwenye asili ya bahari kweli. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wazee wake waliingia mitoni upande wa Afrika Magharibi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, ziwa lenyewe halijakuwepo. Wazao wao wakaenea katika mito ya Kongo, wengine wakaishia Tanganyika. Hata leo maji ya ziwa hutokea mto Lukuga kuelekea Kongo na Atlantiki.

Dagaa wa Kigoma wako aina mbili, na mmoja wao bado yuko safarini. Watu walimpeleka Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, anakoitwa sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wakampeleka Ziwa Kariba, anakoitwa kapenta. Kutoka Kariba hakubebwa na mtu. Alishuka mwenyewe na mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, na mto huo unamwagika Bahari ya Hindi.