Upenu wa Kolo

Mimi ni fundi rangi. Mwaka wa ishirini na sita huu napiga rangi nyumba za Dodoma, na adui yangu ni jua. Ukuta unaotazama magharibi, hata ukiupa praima na mikono miwili ya rangi nzuri, ukipigwa na kiangazi mara tatu unapauka. Ukiupitishia kiganja unakuachia unga. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba kwao Kondoa kuna rangi iliyokaa mwambani zaidi ya miaka elfu mbili, nilitaka kwenda kuigusa. Sikuigusa.

Rangi hiyo iko Kolo, huko Kondoa, na ni safari ya siku moja. Kutoka mjini Dodoma ni kama kilomita 180 kwa barabara ya Babati, lami tupu, na ukitoka saa kumi na moja alfajiri unafika asubuhi jua halijawa kali. Kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Usijaribu kwenda bila yeye. Mlima wenye michoro, Mungumi, si wa watalii peke yao: Warangi, wenyeji wa huko, wanauheshimu, na matambiko ya kuomba mvua bado yanafanyika huko. Gari linaingia njia ya vumbi, linapita korongo la mchanga mkavu, linawaacha chini ya mlima. Kuanzia hapo ni miguu.

Nilikuwa na binti yangu wa kidato cha pili. Mwanzo ni vichaka na changarawe. Halafu mlima unasimama, majabali yamelaliana, na unapanda kwa mikono na miguu. Nilikuwa nauvuta mwili kwa mabega, kama ninavyopanda jukwaa la miti kazini, kijana mwongozaji akanisimamisha.

"Shikamoo tena, mzee," alisema akicheka. "Hapa mguu ndio unapanda. Mkono unasindikiza tu."

Alikuwa sahihi. Mwamba ule una mkwaruzo kama msasa mnene, na soli ya raba ikikanyaga bapa inashika vizuri. Anayeogopa hujilaza kifudifudi juu ya jiwe, na hapo ndipo anapoteleza, maana uzito wake unaisukuma miguu nje badala ya kuikandamiza chini. Simama wima, kisigino kishuke, hatua ziwe fupi. Jiwe lijaribu kabla ya kuliamini. Mkono usiutie kwenye ufa usioona ndani, nyoka wana makazi yao. Binti yangu aliyashika hayo kwa dakika tano. Mimi magoti yalitetemeka mpaka juu.

Watu husema mapango ya Kolo. Fundi akiyaona atasema ni upenu. Jabali limetokeza mbele kama ukingo wa paa, na chini yake ukuta umebaki mkavu: mvua haiufikii, na jua la mchana haliupati sawasawa. Nikaelewa hata kabla sijaona mchoro wowote. Nyumba yenye upenu mpana haili rangi.

Na rangi yenyewe naijua. Ile nyekundu ni udongo wenye chuma kilichoshika kutu, uliosagwa. Sisi mafundi tunapiga redi oksaidi kwenye mageti na mabati, na wekundu wake ni huohuo wa kutu. Haichujuki kwa jua kwa sababu imekwisha kuwa kutu. Hakuna kilichobaki cha kuharibika. Nilisimama mbele ya twiga mmoja, shingo imekwenda juu kwa mstari mmoja usio na kusita, nikatafuta mahali fundi aliponyanyua mkono. Sikupaona. Kando yake watu wembamba, warefu, nywele zimefura, mistari ya miili myembamba kuliko brashi yoyote niliyonayo nyumbani.

Nyekundu hizi hunasibishwa na wawindaji, wazee wa watu kama Wasandawe ambao leo wako Farkwa na Kwa Mtoro. Nyeupe, nene, zilizopakwa juu yake, ni za wakulima waliokuja baadaye. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi Kondoa na mumewe Louis, akanakili michoro ipatayo 1,600. Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Saa nzima nilikuwa nashika kila jiwe, na kiganja kilikuwa kimelowa jasho na mafuta. Kijana hakunikemea, alinionyesha tu mahali palipofifia: vidole vya wageni, na maji ambayo watu waliumwagia mwamba ili picha zing'ae kwenye kamera. Yaliniuma. Kazi ya fundi mwenzangu, imeshinda mvua na jua, inaisha kwa kiganja.

Tulipanda majabali ya juu kidogo kutazama. Mabonde yenye makorongo, vichaka vimeyafunika kingo. Mkwe wangu alikuwa akichunga ng'ombe huku. Ardhi ilikuwa imechunika nyekundu, na mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mifugo yote ikaamriwa kuondoka. Anasimulia mpaka leo kwa uchungu, halafu anakiri kwamba miti imerudi.

Kushuka kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda. Panapotisha, kaa kitako, uso uelekee bonde, sogea taratibu.

Jumatatu nilikuwa Nkuhungu, napiga redi oksaidi geti la mteja. Akaniuliza itadumu miaka mingapi. Nikamwambia kwanza tulijengee geti upenu.