Mama anayechora kwa kisu

Juma hili hatutazungumza juu ya ushonaji wala juu ya kutengeneza sabuni. Tutazungumza juu ya mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayechora tablo ndogo za rangi ya mafuta, na anazichora kwa kisu. Ameniomba nisiandike jina lake, maana katika ukoo wa bwana yake wako ambao bado hawajui dola za minervali zinatoka wapi. Basi tumwite mama mchoraji.

Tablo zake ni ndogo kweli: sentimita 13 kwa 18, kipimo cha picha tunazopiga siku ya ndoa. Anachora juu ya vipande vya tripleksi anavyonunua kwa bei ndogo kwa seremala, vile vinavyobaki baada ya kukata milango ya kabati. Anavisugua kwa msasa, kisha anapaka rangi nyeupe ya msingi mara mbili. Asipofanya hivyo, ubao unakunywa mafuta yote na rangi inabaki kavu kama chaki.

Na kisu chenyewe? Msifikiri ni kile cha kukatia sombe. Hakina makali. Ni bapa jembamba la chuma linalopindika kidogo ukilibonyeza, na shingo yake imekunjwa ili vidole visiguse rangi. Ukikitazama utasema ni mwiko wa mwashi uliozaa mtoto. Cha kwanza alichongewa na fundi wa chuma kutoka kisu cha mezani kilichozeeka, na hata leo anakipenda kuliko kile cha dukani alichonunua baadaye.

Nilimwuliza: kwa nini kisu, si brashi kama wachoraji wengine? Nilitazamia anieleze mambo ya uzuri. Alinijibu neno moja: «Mtoto.»

Brashi ya rangi ya mafuta inataka kuoshwa kila mara, na wengi wanaiosha kwa terebentini. Ukiiacha na rangi, itakuwa ngumu kama fimbo. Na terebentini ni kitu cha kuogopa nyumbani. Moshi wake usioonekana unaumiza kichwa na kuwasha macho. Mtoto akiinywa, inaweza kuingia mapafuni. (Ikitokea, msimtapishe, maana kutapika ndiko kunakoipeleka mapafuni, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.) Lakini kisu unakipangusa kwa kitambaa, na hapo hapo ni safi. Mtoto akilia, mama anaweka kisu chini, ananyonyesha, anasonga bukari, anarudi. Rangi ingali laini, inamngoja.

Kwa nini inangoja? Hapa mwalimu ndani yangu aliamka. Rangi hii ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka juani. Yanavuta oksijeni ya hewa na kugeuka ngozi ngumu, polepole, siku nyingi. Mawese yetu hayafanyi hivyo: yaache mwaka mzima kwenye sahani, utakuta bado ni mafuta. Ndiyo maana hakuna anayechora kwa mawese, ingawa rangi yake inapendeza.

Tabia hiyo ya mafuta ya kitani ina hatari ambayo mama mchoraji ananiomba niiandike kwa herufi kubwa, na mimi ninaiandika kwa herufi za kawaida lakini mwisome mara mbili. Yanapovuta hewa yanatoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikikunjwa na kurundikwa pamoja, vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti, bila jiko. Yeye anavianika nje, kimoja kimoja, mbali na nyumba, mpaka vikauke na kuwa vigumu. Jambo hili linawahusu pia wale ambao mabwana zao wanapaka mbao mafuta hayo.

Tena, si kila rangi ni rafiki. Nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa risasi, sumu inayoharibu akili za watoto na kumfikia mtoto aliye tumboni. Yeye anatumia nyeupe ya titani, na kila mara anasoma jina kwenye tyubu kabla ya kulipa. Hali chakula anapochora, na meza ya kazi si meza ya chakula.

Tablo zake za kwanza zilikuwa matope. Anazihifadhi chini ya kitanda na anazionyesha akicheka. Alikuwa anasonga rangi kama anayesonga unga, mpaka buluu, nyekundu na manjano zikawa kitu kimoja cha kahawia. Sasa anachanganya mara tatu, nne, anaacha. Kisu kinachukua rangi ikiwa na mistari yake ndani, na ukiiweka juu ya ubao kwa mkono mmoja tu, bila kurudi, mistari hiyo inabaki hai. Kurudi mara ya pili ndiko kunakoharibu. Ikiharibika hafuniki: anakwangua yote mpaka kwenye mbao na kuanza tena. Kwa kisu, kukwangua ni nusu ya kazi.

Nilimwangalia akichora jakaranda ya barabarani wakati wa maua. Hakuchora ua hata moja. Alichukua zambarau na nyeupe kwenye ncha ya kisu, akabonyeza, akainua, akabonyeza, akainua. Kila alipoinua, rangi ilibaki na kimo kidogo, na jua la dirishani likapiga upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili. Shina alilifanya kwa ukingo wa kisu, mvuto mmoja. Shimini ya Gécamines, nyuma kabisa, ilichukua muda mfupi kuliko mimi kumeza mate. Mimi ninafundisha darasa la tano, na saa ya kuchora ndiyo ya kwanza kufutwa vipindi vinapobana. Nilisikia vibaya kidogo.

Anayesema kwamba bila brashi si uchoraji hajui mji wake. Mwaka 1946, mji ukingali Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Hangar. Humo Bela Sara alichora kwa ncha za vidole vyake, nukta baada ya nukta, na kazi zake zilifika ng'ambo. Huko Ufaransa nako, karne ya 19, Gustave Courbet alipaka miamba na mawimbi kwa kisu, na watu walisengenya kwanza.

Shida iliyobaki ni bei. Wanunuzi wanapima tablo kama kitenge, kwa urefu. «Mama, kadogo hivi, dola kumi na tano?» Zamani alikuwa anashusha mpaka tano. Kisha binti yake wa sekondari alimkalisha chini na daftari, wakaandika: ubao, msingi, nyeupe (inayokwisha mbele ya zote, kwa sababu kisu kinakula rangi kuliko brashi), miezi ya kungoja tablo nene ikauke mpaka ndani, na zile zilizokwanguliwa. Kwa dola tano alikuwa anawalipa wateja ili wachukue. Tangu siku ile hashuki chini ya kumi na mbili. Wengine wanaondoka. Wifi yake anasema ni kiburi. Minervali ya trimestri iliyopita ililipwa na jakaranda nne na soko la Kenya moja.

Amekubali kutuonyesha kazi yake jumamosi ijayo, baada ya mkutano wetu. Kila mama alete kisu cha mezani kisicho na makali, kipande cha tripleksi kisichozidi kitabu, na vitambaa vizee viwili. Rangi tutachangiana. Tutakaa nje, chini ya mwembe, na watoto wadogo watabaki upande wa pili wa parseli pamoja na dada zao.