Viputo vinavyofuata damu ndani ya ini

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, katika Ukambani nchini Kenya. Waliokufa walikuwa 125. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu ikatoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo ikaangamiza ini. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua kwa njia hiyo hiyo na 12 wakafa.

Hayo ni maafa yanayofika magazetini. Kiasi kidogo cha sumu kinacholiwa msimu baada ya msimu hakina habari, lakini ini linakihesabu. Watafiti waliowapima watoto wa shule Makueni mwaka 2002 na 2004 waligundua kwamba wenye ini lililovimba walikuwa na alama nyingi zaidi za aflatoksini katika damu kuliko wenzao. Utafiti uliofanywa Murang'a na kuchapishwa 1973 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba penye aflatoksini nyingi chakulani, saratani ya ini nayo huzidi. Ongeza virusi vya hepatitisi B, ambavyo chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwishoni mwa 2001, na utaona kwa nini mtu mzima wa mji wa Wote au Mwingi hushtuka akiambiwa kwamba altrasaundi imeonyesha kitu kwenye ini.

Kitu gani? Hapo ndipo altrasaundi ya kawaida huishiwa maneno. Inaonyesha umbo: doa jeusi au jeupe, sentimita tatu, upande wa kulia. Saratani inaweza kuonekana hivyo, na fundo la mishipa lisilo na madhara, yaani hemanjioma, linaweza kuonekana hivyo pia. Kinachozitofautisha ni damu: inaingia kwa njia gani, mapema kiasi gani, na inaondoka lini. Aliyekulia Ukambani anaujua mto wa mchanga. Kiangazi unauona umekauka kabisa, kumbe maji yapo chini, na mchanga wenyewe haukuambii yamepitia wapi.

Njia ya kuifuata damu hiyo ni kumdunga mgonjwa viputo. Dawa inayotumika sana ina viputo vya gesi ya salfa heksafloridi vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta. Kwa wastani kila kimoja kina upana wa mikroni 2.5, chini ya nusu ya upana wa chembe nyekundu ya damu, hivyo hupita hata kwenye kapilari. (Gesi yenyewe ni ileile inayojazwa kwenye swichi kubwa za vituo vya umeme, hapa inatumika chembe tu.) Mililita moja hadi 2.4 za dawa huingizwa kwenye mshipa wa mkono, kisha maji ya chumvi ya kuisukuma, na saa huanza kuhesabu. Mawimbi ya sauti yakivigonga, viputo hutanuka na kunywea, na kurudisha mwangwi wa aina yake ambao tishu haziwezi kuuiga vizuri. Mashine yenye programu ya kazi hiyo huichuja sauti ya tishu na kubakiza ya viputo. Nguvu ya sauti hushushwa sana, kwa maana ikizidi viputo hupasuka kabla havijasema lolote.

Kwenye ini, kazi yote ni ya dakika tano au sita, na utamu wake uko kwenye muda. Takribani robo tatu ya damu ya ini hutoka matumboni kupitia mshipa wa porta, na robo iliyobaki huletwa na ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini hupenda ateri. Kwa hiyo kati ya sekunde 10 na 45 hivi baada ya sindano, uvimbe wa namna hiyo huwaka kuliko ini linalouzunguka, kisha baada ya sekunde 60 huanza kufifia polepole. Saratani iliyotoka kwingine, tuseme kwenye utumbo au titi, ikatua kwenye ini, huwa na haraka zaidi: hufifia kabla ya sekunde 60, na dakika mbili zikipita huonekana kama shimo jeusi. Hemanjioma huanza kuwaka kwa vijidoa pembeni, ikajijaza kuelekea katikati, na hubaki iking'aa. Jipu huwaka ukingo tu, maana ndani ni usaha, na usaha hauna mishipa.

Kongosho ni kiungo kisumbufu zaidi. Kimejificha nyuma ya tumbo la chakula, na hewa iliyo mbele yake huzuia sauti isipite. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asile kabla ya kipimo. Kama kongosho halionekani kwa altrasaundi ya kawaida, viputo havitalifichua, na daktari anayekuahidi vinginevyo mwulize maswali. Likionekana, picha ni ya kufaa. Saratani ya kawaida ya kongosho imejaa nyuzi ngumu na ina mishipa michache, hivyo hubaki nyeusi wakati kongosho lenyewe limewaka. Uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni hufanya kinyume, huwaka mapema na kwa nguvu. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu matibabu na matarajio ya magonjwa hayo mawili hayafanani hata kidogo. Na kongosho likiwa limeshikwa na inflamesheni kali, sehemu iliyokufa haiingizi kiputo hata kimoja.

Nikilinganisha na skani ya CT, sifa kubwa ya njia hii ni upole wake. Viputo havitolewi mwilini kwa njia ya figo. Gesi hutoka kwa pumzi, sehemu yake kubwa ndani ya robo saa. Hakuna mionzi, na kipimo kinaweza kufanywa kando ya kitanda. Katika uchunguzi mmoja wa Italia uliochapishwa 2006 ukihusu vipimo zaidi ya 23,000 vya tumbo, madhara makubwa yalitokea chini ya mara moja kwa kila vipimo 10,000, na hakuna aliyekufa. Hata hivyo mzio mkali hutokea, kwa hiyo dawa za dharura ziwe tayari chumbani. Marekani iliruhusu dawa hii kwa ini mwaka 2016, kwa watu wazima na watoto.

Udhaifu wake nao usifichwe. Viputo huangalia uvimbe mmoja au miwili kwa wakati. Kulipekua ini zima ni kazi ya CT au MRI. Mtu mnene au mwenye tumbo lililojaa gesi hupata picha hafifu. Na mengi hutegemea jicho la mpimaji, kwa sababu sekunde za ateri zikikupita huzirudishi ila kwa sindano nyingine.

Kuna jambo moja linalowahusu Wakamba kuliko wengine. Kanuni za kimataifa zinazomruhusu daktari kuita uvimbe saratani ya ini kwa kuangalia mwako na mfifio tu, bila kukata kinyama, zimewekwa kwa mgonjwa mwenye sirosisi au hepatitisi B sugu. Aflatoksini haimo kwenye orodha hiyo. Aliyekula mahindi yenye kuvu miaka mingi lakini hana virusi wala sirosisi, picha yake ikiwa wazi kiasi gani, bado anahitaji sindano ya kuchukua kinyama. Kwa hiyo kipimo cha damu cha hepatitisi B, ambacho ni rahisi na cha bei nafuu kuliko vyote hivi, kitangulie. Viputo basi vinasaidia kwa njia nyingine: vinamwonyesha daktari ni upande upi wa uvimbe ulio hai na upi umekwisha kufa, ili sindano iingie palipo na chembe za kupimwa.