Umeme wa Akiba katika Ndege za Injini Mbili

Ndege ndogo ya injini mbili huwa na alternata mbili, kila moja ikizungushwa na injini yake, pamoja na betri. Alternata hulisha redio, taa, vyombo vya kuongozea ndege na mara nyingi mota ya kukunja magurudumu. Wakati huohuo huchaji betri. Moja ikifa, ya pili hubeba mzigo wote, naye rubani huzima visivyo vya lazima ili isielemewe.

Zikifa zote mbili, hubaki betri peke yake. Kanuni za uundaji wa ndege ndogo, za Ulaya na za Marekani, zimeitaka betri hiyo ilishe vifaa vya lazima kwa angalau dakika 30. Juu ya Mbulu na Hanang, nchini Tanzania, muda huo ni mfupi. Kiwanja cha Haydom, zinakotua ndege zinazohudumia Hospitali ya Kilutheri, kiko mbali na mafundi wa Arusha; Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, na jua likishazama huku giza halichelewi.

Hata hivyo, katika ndege za petroli kama Cessna 404, iliyowahi kutumiwa na ZanAir huko Zanzibar, kukatika kwa umeme hakuzimi injini. Cheche hutoka kwenye magneto, ambazo hujizalishia umeme zenyewe kadiri injini inavyozunguka. Rubani atakosa redio na taa, lakini pangaboi zitaendelea kuvuta.

Injini zinazoendeshwa na kompyuta ni habari nyingine kabisa. Tarehe 4 Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, ndege aina ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli ilikutwa betri yake imekwisha. Injini zote mbili ziliwashwa kwa umeme wa nje, ingawa maelekezo ya mtengenezaji yalitaka ya pili iwashwe kwa betri ya ndege. Ndege ikapaa. Magurudumu yalipoanza kukunjwa, mota yake ilivuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri haikuwa na nguvu ya kuziba pengo. Volti zilishuka kwa kitambo kidogo mno, lakini kilitosha: kompyuta za injini zote mbili zikajiwasha upya, na pangaboi zote zikajigeuza mkao wa kutovuta. Ndege ikalazimika kutua nje ya kiwanja.

Hapo hapakupungua kitu kwa hesabu. Injini zilikuwa mbili, alternata mbili, na kila injini ilikuwa na kompyuta zake. Kasoro ilikuwa kwamba vyote viliegemea mfumo mmoja wa umeme, ukiyumba vinayumba pamoja. Baada ya tukio hilo iliagizwa kompyuta ziwekewe betri zao za akiba, zisizotegemea betri kuu.

Kwa sababu hiyo rubani makini hupima kila alternata peke yake kabla ya kuondoka. Ndege ambayo betri yake imekwisha isiruke mpaka betri ichajiwe sawasawa au ibadilishwe, hata kama kuna mgonjwa anayesubiri.