Namna ya Kupima Mtoto Anayejifunza Kuandika

Katika namba hii sisi wa darasa la mwisho, upande wa pedagojia, tunataka kueleza jambo moja tulilolipata wakati wa staji katika shule ya msingi. Wengi wanafikiri kupima maandiko ya mtoto ni kazi nyepesi: unatoa imla, unashika biki nyekundu, unahesabu makosa, basi. Sisi pia tulifikiri hivyo. Kumbe tulikosa, na mtoto mmoja karibu alipe kosa letu.

Ilikuwa hivi. Tulipewa darasa la pili lenye watoto 58. Siku ya tatu tukatoa imla ya maneno matano: mama, nyumba, kitabu, ng'ombe, shamba. Mtoto mmoja mwanaume aliandika: mama, yuba, kitabu, gobe, saba. Msichana aliyekaa naye kwenye kiti kimoja aliandika: mama, nmb, kitabu, ngbe, smb. Maneno mawili sawasawa kwa kila mmoja. Tukawapa wote wawili 2 juu ya 5, tukapiga mistari myekundu juu ya mengine.

Yule mwanaume akatufuata na kaye yake. Akasema: «Mwalimu, mi niliandika ng'ombe. Hauone?» Tulicheka. Ndiyo, tulicheka mbele ya wenzake, hatuwezi kuficha. Kesho yake hakuja masomo. Kesho kutwa vilevile. Mama yake akapita asubuhi akienda shamba, akasema mtoto anakataa, anasema yeye hana akili ya kuandika. Tena tulisikia kwamba jina lake lilikuwa kati ya wale wanaofikiriwa kurudia mwaka, na pointi zetu zingehesabiwa pamoja na zingine. Hapo kicheko kikaisha.

Mama mwalimu mwenye darasa alituita saa watoto walipotoka. Hakukasirika. Alifungua zile kaye mbili juu ya meza, akauliza: «Hawa watoto wawili wako sawa?» Tukajibu kwamba pointi zao ni sawa. Akasema: «Wanangu, mulihesabu makosa. Hamukuangalia njia. Mtu wa malaria na mtu wa minyoo, wote wanalia tumbo. Mutawapa dawa moja?»

Basi tukaanza kuangalia tena, silabi kwa silabi. Yale maneno matano yana silabi 11, na kila silabi ina vokali yake. Yule mwanaume aliandika vokali zote 11 bila kukosa hata moja. Sikio lake ni zuri. Taabu yake iko mahali pamoja tu: herufi zinazokwenda pamoja, ndizo ny, mb, ng' na sh. Kwake ny imekuwa y, mb imekuwa b, ng' imekuwa g, sh imekuwa s. Ndiyo sababu shamba limegeuka saba. Si makosa matatu. Ni kosa moja lililorudi kila mahali. Akifundishwa zile herufi za pamoja majuma machache, maneno yote matatu yatasimama.

Msichana ni habari nyingine kabisa. Yeye anasikia m ya katikati ya nyumba na shamba, jambo ambalo jirani yake hawezi. Lakini vokali zake ni 6 tu juu ya 11. Juu ya nini? Kwa sababu kwake herufi moja inatosha kwa silabi nzima. Akiandika b, yeye anaisoma «ba». Neno kitabu aliandika vizuri kwa kuwa analiona kila siku ubaoni. Dawa yake si herufi za pamoja. Yeye anahitaji kupiga makofi kwa kila silabi, na kutafuta sauti ya mwisho ya kila kofi: a, e, i, o au u.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mnamo mwaka 1979 Emilia Ferreiro, mtu wa Arjentina aliyekuwa mwanafunzi wa Jean Piaget kule Genève, alitoa kitabu pamoja na Ana Teberosky juu ya watoto wanaoanza kuandika. Walionyesha kwamba mtoto haingii shuleni kama debe tupu. Yeye anajitungia sheria zake juu ya maandiko, na sheria moja ni hiyo: alama moja kwa silabi moja. Wale walikuwa watoto wa lugha ya Kispanyola, nasi tumeikuta alama ya sheria hiyohiyo katika kaye ya Kiswahili. Kwa hiyo kosa la mtoto mara nyingi ni ngazi anayopandia. Ukimpiga kwa ajili ya kosa, unamwangusha kutoka kwenye ngazi.

Sasa, mwalimu atapima namna gani? Tumejifunza kutenganisha mambo matano, wala si kuyachanganya katika pointi moja.

Kwanza, mkono. Anashika kreyo namna gani? Herufi zinakaa juu ya mstari, ama zinaruka kama panzi? Mtoto wa miaka 6 anayegeuza b na d si mgonjwa. Ni jambo la kawaida katika umri ule, na wengi wanaliacha wakiendelea kuandika.

Pili, herufi. Anazijua ngapi bila kuzitazama ubaoni? Hapa tuwe macho. Tulimwona mtoto anayenakili vizuri sana, kaye yake safi kuliko zote. Tulipomwambia asome alichoandika, alinyamaza. Alikuwa anachora, hakuwa anaandika. Kunakili ni kazi ya jicho na mkono. Kuandika kunatoka ndani.

Tatu, sauti. Je, kila sauti anayoisikia imepata herufi yake? Hapa tukumbuke namna tunavyosema kwetu. Mtoto anayeandika «mutoto» na «apa» anaandika kama anavyosikia nyumbani. Sikio lake limefanya kazi; sisi ndio wa kumwonyesha kwamba kitabu kinaandika mtoto na hapa. Na Kifaransa kikiingia, taabu inaongezeka: Kiswahili kinaandika u, Kifaransa kinaandika ou, Kiswahili kinaandika sh, Kifaransa kinaandika ch. Mtoto akiandika «kitabou», hajasahau. Amechukua barabara ya lugha moja ndani ya lugha nyingine.

Nne, kutenga maneno. Wengine wanaandika nyumbayamama kama neno moja, na wengine wanakata: ana kula. Mdomo hausimami kati ya maneno, ndiyo maana mtoto hajui mahali pa kuacha nafasi.

Tano, maana. Anaweza kuandika jambo lake mwenyewe, hata la maneno matatu? Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji kule Ufaransa, tangu miaka ya 1920 aliwapa wanafunzi wake mashine ndogo ya kupiga chapa, kusudi wachape maneno yao wenyewe. Alijua kwamba mtu anaandika vizuri akiwa na kitu cha kusema na mtu wa kumsomea. Sisi wenye karatasi hii tunajua vilevile.

Mtauliza: nani ataweza hayo yote kwa watoto 58? Mama mwalimu ana njia isiyo na gharama. Mara tatu kwa mwaka, mwanzoni, katikati na mwishoni, anatoa maneno yaleyale. Kila mtoto anaandika kwenye karatasi yenye tarehe, nayo inawekwa ndani ya kartoni. Kila siku anaangalia watoto watano tu kwa makini; kwa siku kumi na mbili darasa zima limepita. Hapo mtoto hapimwi kwa jirani yake. Anapimwa kwa yeye mwenyewe wa jana.

Tulikwenda kwao yule mtoto jioni moja, pamoja na karatasi yake ya mwezi wa tisa. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake. Haikuwa rahisi, lakini tulifanya. Kisha tukaweka karatasi mbili chini. Ile ya kwanza ilikuwa na vijiti na duara tu, kama kuku amekwaruza. Aliiangalia muda mrefu, akauliza: «Ni mimi huyu?» Akacheka. Kesho yake alikuwa kwenye kiti chake. Kama atapanda darasa, tutajua mwisho wa mwaka. Karatasi zake ziko mikononi mwa wale watakaoamua. Lakini siku ya mwisho ya staji aliandika nyumba, na m yake ilikuwa mahali pake.

Ndugu wasomaji, si wote mtakuwa walimu. Lakini nyumbani mna wadogo wenu. Mdogo wako akikuletea karatasi yenye gobe, usicheke. Mwambie akusomee, na umuulize: ndani ya neno hili, unasikia nini tena? Ndipo mtaandika m pamoja.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya wenzake wa pedagojia