Mwanga Nao Hushika

Ukishuka matatu pale Sigalagala saa saba mchana, jua linakuchoma kinoma. Lakini ulijua pia linakusukuma? Kidogo sana, huwezi kuhisi.

Sasa jione umekuwa mdogo kama bakteria. Hapo mwanga una nguvu kweli. Mmarekani Arthur Ashkin alisukuma vipira vidogo vya plastiki kwa leza mwaka wa 1970, na 1986 yeye na wenzake wakatengeneza kibano cha mwanga. Leza inapitishwa kwenye lenzi ya hadubini hadi ikusanyike mahali padogo sana. Chembe inavutwa hapo, penye mwanga mwingi, inanasa. Sogeza leza, nayo inafuata. Siku hizi mwanga wenyewe unasokotwa kama skrubu, na chembe inazungushwa.

Utaniuliza, mimi inanihusu aje? Malaria, buda. Hapa Kakamega nani hajawahi kulazwa kitandani nayo? Kwa kibano hiki watafiti wamevuta seli nyekundu za damu, wakaona zile zenye vimelea ni ngumu kuliko zenye afya. Seli ngumu hupita kwa shida kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo malaria huwa hatari.

Ashkin alipata Nobel mwaka wa 2018, akiwa na miaka 96. Mimi niliacha chuo nikidhani fizikia imeshanipita. Saa hii naisoma kwa simu, mdogo mdogo. Na wewe uliyeacha, usijifungie mlango.