Daftari Moja Humbana Mwizi wa Magari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliposema hivyo walikuwa wakimwonya mfanyabiashara na bidhaa zake, lakini onyo hilo linamhusu pia askari anayesimamisha gari kwenye kizuizi cha barabara usiku wa manane. Dereva hutoa kadi, kadi ina mhuri, na mhuri unaonekana halali. Liko swali moja ambalo kadi peke yake haiwezi kulijibu: je, gari hili ndilo lililoandikwa humu, au mwenyewe yuko nchi ya pili akililia?

Marekani imelihangaikia swali hilo kwa muda mrefu, na sababu ni kwamba tatizo lake ni tatizo la majirani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo husajili magari kwa sheria zake na kutoa hati zake za umiliki. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyofanya kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa mbele ya taifa zima. Tangu mwaka 1967 polisi wa majimbo mbalimbali wameweza kuuliza orodha ya magari yaliyoibwa inayotunzwa na FBI. Lakini orodha ya wizi hujua yale tu yaliyoripotiwa. Haijui historia ya gari, wala haijui ni nani aliyekuwa mmiliki wake wa mwisho.

Walaghai waliingia katika pengo hilo. Gari likiharibika vibaya kwa ajali au mafuriko, kampuni ya bima humlipa mwenyewe, na hati hutiwa alama kwamba gari hilo ni chakavu. Mlaghai hulinunua kwa bei ndogo, hulipeleka katika jimbo lenye kanuni tofauti, na huko huomba hati mpya, ambayo hutoka safi bila alama. Wamarekani huuita mchezo huo kuosha hati. Baada ya kimbunga Katrina kupiga New Orleans na maeneo ya jirani mwaka 2005, magari mengi mno yalizama majini, na hofu ya kuuziwa magari hayo ikaenea mbali na pwani.

Mchezo wa pili ni mbaya zaidi. Mwizi hununua gari lililokufa, huchukua namba yake na kadi yake, kisha huvipachika kwenye gari la wizi lililo zima. Basi maiti imefufuka, na askari akiangalia karatasi haoni kasoro.

Ili kuziba mianya hiyo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1992 ya kuanzisha daftari moja la taifa la hati za magari, na mwaka 1996 kazi hiyo ikakabidhiwa Wizara ya Sheria. Shabaha yake ni rahisi kueleza. Kabla jimbo halijatoa hati mpya, karani huuliza daftari: hati ya mwisho ilitolewa na jimbo gani, lini, na iliwahi kutiwa alama gani? Lakini utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2008 vyama vya kutetea wanunuzi vilikwenda mahakamani kuishinikiza Serikali, na mwaka 2009 ndipo wananchi walipofunguliwa daftari hilo. Kuanzia Machi 31 mwaka huo, kampuni za bima na wenye yadi za magari chakavu walitakiwa kutoa taarifa kila mwezi. Miaka 17 ilikuwa imepita. Funzo lake ni dhahiri: jimbo moja lisiloandika linatosha kuwa mlango wa nyuma wa majimbo yote.

Jirani yao Kanada nao wana funzo. Mwezi Februari 2024 polisi wa nchi hiyo waliunganisha orodha yao ya magari yaliyoibwa na ile ya Interpol. Katika miezi michache tu, magari zaidi ya 1,500 yaliyoibwa Kanada yalitambuliwa katika nchi mbalimbali. Magari hayo hayakuwa yamefichwa porini. Mengi yalikuwa yakipita bandarini na barabarani, ila hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Afrika Mashariki nayo ina majirani wengi na madaftari mengi. Tanzania Bara husajili magari kupitia Mamlaka ya Mapato. Kenya ina mamlaka yake ya usafiri na usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika waliunda umoja wao mwaka 1995, na wale wa Afrika Mashariki mwaka 1998, na wizi wa magari ni miongoni mwa makosa wanayopambana nayo kwa pamoja. Njia ya kuuliza ipo. Kinachotakiwa ni kuitumia.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapoanza. Namba ya kibao hubadilishwa kwa bisibisi. Namba ya chesisi imepigwa katika chuma. Askari hana budi kuisoma kwenye gari kwanza, ndipo ailinganishe na kadi, na kutazama kama pana alama za tupa, kuchomelea au rangi mpya. Ajue pia kwamba magari mengi duniani yana namba ya tarakimu na herufi 17, lakini yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo yamejaa katika barabara zetu, yana namba fupi zaidi. Asimshuku mwananchi kwa ufupi wa namba peke yake.

Daftari halina macho. Karani akipokea rushwa, humwandikia mwizi uhalali, na anayeumia ni mwananchi aliyenunua kwa jasho lake gari ambalo siku moja litachukuliwa, fedha zisirudi. Askari anayeuliza kabla ya kuinua kizuizi humlinda mwananchi huyo, na humlinda pia yule aliyeibiwa ng'ambo ya mpaka.